Dhulma Ilipoingia Sokoni: Somo Katika Khabari za Wafanyi Biashara wa Ujerumani, 1933–1945

Watu wengi wakitajiwa dhulma waliyoifanya Manazi wa Ujerumani baina ya mwaka 1933 na 1945, fikra zao huenda kwa askari na bunduki, na kambi walimouawa watu kwa maelfu. Hayo yalikuwa, na hapana wa kuyakanusha. Walakini kabla ya askari kubisha hodi, palitangulia watu wengine. Mayahudi wa Ujerumani walivuliwa mali zao miaka mingi kabla ya kuvuliwa roho zao, na waliowavua hawakuwa askari peke yao. Walikuwamo wafanyi biashara, mameneja wa benki, makarani wa kodi, madalali wa mnada, na majirani wa kawaida waliokwenda kununua makabati na mazulia kwa bei rahisi. Somo letu la leo ni juu ya watu hawa.

Huenda msomaji akauliza: khabari ya nchi ya mbali, iliyopita zamani, yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Twamjibu hivi. Sisi ni watu wa soko. Baba zetu waliishi kwa biashara, na wengi wetu tungali twaishi kwayo. Na hao tutakaowataja hawakuwa washenzi wala majambazi wa njiani. Walikuwa watu wa mji, wenye elimu, wenye kuandika daftari zao kwa unadhifu na kulipa madeni yao kwa siku yake. Kila mmoja wao akijiona mfanyi biashara mwaminifu. Basi yatupasa kujua mtu wa namna hiyo alifikaje hapo alipofika.

HALI ILIVYOKUWA KWANZA

Mwaka 1933, Hitler aliposhika serikali, Mayahudi wa Ujerumani walikuwa kiasi cha watu 500,000 katika taifa la watu kiasi cha 65,000,000. Yaani hawakufika mmoja katika kila mia. Walikuwa raia, wengi wao walikuwa wamepigana vita vya 1914 hata 1918 chini ya bendera ya Ujerumani. Mikononi mwao palikuwa na biashara kiasi cha 100,000, kubwa na ndogo: maduka ya nguo na viatu, benki, karakana, na yale maduka makubwa ya ghorofa yauzayo kila kitu tangu sindano hata kitanda.

Nchi ilikuwa na dhiki. Mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Mwenye duka dogo, akiona duka kubwa la jirani limejaa wanunuzi na lake ni tupu, alikuwa tayari kusikiliza yeyote atakayemwambia kwamba umasikini wake una mkosa, na mkosa huyo ana jina. Manazi wakamtajia jina.

Ama matajiri wakubwa wa viwanda, wengi wao hawakuwa na haja na maneno ya mitaani. Wakitaka utulivu wa serikali na kuvunjwa nguvu vyama vya wafanyi kazi. Tarehe 20 Februari 1933 kiasi cha ishirini na tano katika wao waliitwa Berlin nyumbani kwa Göring, wakamsikiliza Hitler, kisha wakaombwa fedha kwa ajili ya uchaguzi. Fedha zikatolewa. Kampuni ya IG Farben, iliyokuwa kubwa kupita zote katika madawa na kemikali, peke yake ilitoa marki 400,000.

HATUA KWA HATUA

Dhulma haikuja siku moja. Jumamosi tarehe 1 Aprili 1933, vijana wa chama walisimama milangoni mwa maduka ya Mayahudi wakiwazuia wanunuzi. Wanunuzi wengine walipita wakaingia, na serikali ikaona jambo lile halikupata nguvu iliyotazamiwa. Likakomeshwa baada ya siku moja. Tarehe 7 Aprili ikatoka sheria ya kuwatoa Mayahudi katika kazi za serikali. Tarehe 15 Septemba 1935 zikatoka sheria za Nuremberg, zilizowavua haki za uraia na kukataza ndoa baina yao na Wajerumani wengine.

Katika miaka ile mitano ya kwanza hapakuwa na sheria iliyosema kwamba Myahudi hana ruhusa ya kuwa na duka. Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Biashara nyingi zilikwisha kufa au kuuzwa kabla serikali haijaamrisha. Baraza la mji liliacha kununua kwao. Mwenye kiwanda aliacha kuwapa bidhaa. Benki ilikataa kuongeza mkopo. Mteja wa miaka ishirini alivuka barabara asionekane akiingia. Hata ilipofika katikati ya mwaka 1938 biashara zao zilizobakia hazikufika nusu ya zile za mwanzo.

Ndipo zikaja amri. Tarehe 26 Aprili 1938 kila Myahudi mwenye mali ya zaidi ya marki 5,000 aliamrishwa kuiandikisha. Usiku wa tarehe 9 Novemba mwaka huo, na siku iliyofuata, makundi ya chama yalivunja maduka kiasi cha 7,500, yakachoma mahekalu ya Mayahudi nchi nzima, na wanaume kiasi cha 30,000 wakakamatwa kupelekwa kambini. Kisha serikali ikawatoza Mayahudi wenyewe faini ya marki 1,000,000,000. Ikawalazimisha kutengeneza maduka yao yaliyovunjwa kwa fedha zao. Na malipo ya bima yaliyokuwa haki yao ikayachukua yenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 1939 wakakatazwa kabisa kuwa na maduka.

Na mwenye kutaka kuhama? Alikutana na kodi ya kuhama, robo ya mali yake yote. Kodi hii ilikuwako tangu Disemba 1931, imewekwa na serikali iliyotangulia ili kuzuia fedha zisitoke nchini. Manazi waliikuta tayari, wakaishusha iwafikie hata wasiokuwa matajiri wakubwa. Fedha iliyosalia ikafungwa benki, na akitaka kuibadilisha apeleke nje, alikatwa. Mwaka 1934 alikatwa kiasi cha sehemu ishirini katika mia. Ilipofika Septemba 1939 alikatwa sehemu tisini na sita. Mtu aliyekuwa na marki mia alitoka na nne.

NAMNA MALI ZILIVYOBADILI MIKONO

Manazi waliiita kazi hii kuifanya mali kuwa ya "Kiarya", yaani ya watu wa asili waliyoiona ndiyo bora. Hati ziliandikwa, mashahidi wakatia saini, risiti ikatolewa. Aliyeitazama hati hiyo hakuona wizi, aliona mauzo. Lakini bei ilipimwa kwa hisabu ya meza, viti na bidhaa zilizomo tu. Jina la duka na mazoea ya wanunuzi wake, ambayo kila mfanyi biashara ajua kwamba ndiyo roho ya duka, hayakulipiwa hata kidogo. Wakuu wa chama walikuwa na sauti katika bei, na mara nyingi wakaishusha zaidi. Benki kubwa, kama Deutsche Bank na Dresdner Bank, zilitafuta wanunuzi na kutoa mikopo ya kununulia, zikachukua ujira wa udalali.

Tutaje mifano miwili. Wa kwanza ni maduka ya Hermann Tietz, yaliyoanzishwa mwaka 1882 katika mji wa Gera. Mwaka 1933 yalikuwa na madeni makubwa na wafanyi kazi kiasi cha 14,000. Manazi walikuwa wameahidi kuyafunga maduka makubwa. Lakini kuyafunga kulikuwa ni kuwatupa nje watu wote hao. Hitler akashawishiwa kukubali mkopo, na benki zikaweka sharti kwamba watu wa ukoo wa Tietz watoke. Mtumishi wao, Georg Karg, akashika usukani, na baadaye mali ikawa yake. Jina likafupishwa likawa Hertie: silabi ya kwanza ya Hermann na ya kwanza ya Tietz. Basi wenye jina walitolewa, na jina lao likabakia milangoni, limekatwa asilitambue mtu.

Wa pili ni Salman Schocken. Yeye na ndugu yake Simon walianza biashara Zwickau mwaka 1901, wakawa na maduka katika miji mingi. Duka lao la Chemnitz, lililochorwa na mjenzi mashuhuri Erich Mendelsohn na kufunguliwa mwaka 1930, lingali limesimama, na leo ni nyumba ya makumbusho. Schocken alihama nchi mwaka 1934. Mwaka 1938 kampuni ikauzwa kwa kulazimishwa, ikaitwa Merkur. Baada ya vita alirudishiwa sehemu kubwa ya hisa za maduka yaliyokuwa magharibi, naye akaziuza mwaka 1953 akamaliza mambo yake na nchi ile.

Sasa tuwaache matajiri tuwatazame watu wa mitaani, maana hapa ndipo somo linapotugusa wengi. Katika bandari ya Hamburg palikuwa na masanduku ya Mayahudi waliohama, ambayo vita vilipoanza mwaka 1939 hayakuwahi kupakiwa. Serikali ikayachukua ikayanadi. Tangu Oktoba 1941, Mayahudi walipopakiwa garimoshi kupelekwa mashariki, vyombo vya nyumba zao vikanadiwa pia; na baadaye vikaja kwa meli na garimoshi vyombo vya Mayahudi wa Uholanzi na Ufaransa. Wanahistoria wamekadiria kwamba katika Hamburg na majimbo ya jirani watu wasiopungua laki moja walinunua vitu hivyo. Mashuka, masufuria, vitanda vya watoto. Hapana sheria iliyomlazimisha mtu kwenda mnadani. Na aliyenunua kitanda cha mtoto, kwa wema wote wa nia yake, hakukosa kujua kwamba mtoto mwenye kitanda hayupo.

VIWANDA NA WATUMWA WAKE

Mtu akizoea kununua mali ya aliyedhulumiwa, si mbali kuununua na mwili wake. Mwaka 1941 IG Farben ilianza kujenga kiwanda cha mpira na mafuta karibu na kambi ya Auschwitz, na mwaka 1942 ikafunguliwa kambi khasa ya wafanyi kazi wake mahali paitwapo Monowitz. Kampuni ilililipa jeshi la SS marki 3 kwa siku kwa mfungwa asiyekuwa na ufundi, na marki 4 kwa fundi. Mfungwa mwenyewe hakupata kitu. Aliyedhoofika alirudishwa kambi kuu kuuawa, akaletwa mwingine. Walikufa maelfu kwa maelfu; na kiwanda kile hakikupata kutoa hata ratili moja ya mpira.

Katika mji wa Erfurt ilikuwako kampuni ya ukoo, Topf na Wanawe, iliyoanza mwaka 1878 kwa kutengeneza vifaa vya moto vya viwanda vya pombe. Ikaingia katika kutengeneza tanuri za kuchomea maiti, ikaziuza kwa kambi za Buchenwald na Auschwitz. Mafundi wake walisafiri kambini kuzifunga, wakaona kwa macho yao zinatumiwaje. Kazi hii ilikuwa sehemu ndogo tu ya biashara yao. Lau wangaliiacha wasingalifilisika. Wala hawakulazimishwa. Barua zao zilizobakia ni barua za biashara za kila siku: bei, tarehe ya kupeleka, malalamiko ya malipo kuchelewa. Msomaji akitaka kujua moyo wa mtu hufaje, na azingatie barua hizo.

JE, HAIKUWEZEKANA KUKATAA?

Baada ya vita wengi walisema: "Tungefanya nini? Zama zilikuwa hizo." Neno hili lina sehemu ya kweli, maana serikali ile ilikuwa katili, na hatumhukumu mtu kwa kutokuwa shujaa. Lakini wako waliotenda kinyume, na matendo yao ni hoja juu ya wengine.

Berlin alikuwako Otto Weidt, mwenye karakana ndogo ya mafagio na brashi, naye macho yake yalikuwa karibu kupofuka. Aliwaajiri Mayahudi vipofu na viziwi. Brashi zake zilinunuliwa na jeshi, naye akaitumia sababu hiyo kusema kwamba watu wake wahitajiwa. Mwaka 1942 walipokamatwa aliwafuata akarudi nao. Alitoa rushwa kwa maaskari, akatafuta hati za uwongo, akaficha ukoo mzima katika chumba ambacho mlango wake ulizibwa kwa kabati. Hakuwaokoa wote. Alikufa mwaka 1947 bila ya utajiri.

Berlin hiyo hiyo alikuwako tabibu Muislamu kutoka Misri, Dkt. Mohamed Helmy, aliyekwenda kusoma huko mwaka 1922. Yeye naye alibaguliwa kazini na kukamatwa kwa sababu ya asili yake. Juu ya hayo, alimficha msichana wa Kiyahudi, Anna Boros, akawasaidia na jamaa zake, hata vita vikaisha. Alikuwa na kila udhuru wa kusema kwamba taabu yake yamtosha.

Lakini tusifanye mambo kuwa mepesi kuliko yalivyo. Kampuni ya Bosch ya Stuttgart, chini ya Robert Bosch na meneja wake Hans Walz, iliwasaidia Mayahudi kwa fedha na kwa kuwaajiri. Na kampuni hiyo hiyo wakati wa vita ilitumia maelfu ya watu waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Oskar Schindler, ambaye watu zaidi ya 1,000 waliokoka kwa sababu yake, alikwenda Kraków mwanzoni kutafuta faida katika kiwanda kilichokuwa cha Mayahudi. Mtu mmoja aweza kufunga mlango huu na kuufungua ule. Kwa hiyo haifai mtu kuitegemea hisani yake ya jana.

Wengi wa walioweza kuhama walihama, zaidi ya nusu ya Mayahudi wa Ujerumani, na wengine wachache walifika hata Kenya. Miongoni mwao ni Stefanie Zweig, aliyeletwa mtoto mwaka 1938. Baba yake alikuwa wakili, akawa mtumishi wa shamba. Vita vilipoanza Waingereza walimzuilia kwa kuwa ni Mjerumani, ingawa Ujerumani yenyewe ilimfukuza. Mwaka 1947 ukoo ukarudi Ujerumani, baba akawa hakimu Frankfurt, na binti akaja kuandika vitabu vilivyosomwa sana juu ya maisha yao Kenya. Ama waliobakia, zaidi ya 160,000 katika Mayahudi wa Ujerumani waliuawa. Na katika Ulaya nzima kiasi cha milioni sita.

HISABU BAADA YA VITA

Tarehe 10 Novemba 1947 Wamarekani walitoa sheria katika sehemu ya Ujerumani waliyoishika, juu ya kurudisha mali zilizochukuliwa. Sheria hiyo ilisema: mali yoyote iliyouzwa na mtu wa jamii iliyoteswa baina ya 1933 na 1945 itahisabiwa kuwa imetoka kwa kulazimishwa, mpaka mnunuzi athibitishe kinyume. Athibitishe kwamba bei ilikuwa ya haki. Athibitishe kwamba fedha ilimfikia muuzaji mkononi, akawa huru kuitumia. Na kama mauzo yalikuwa baada ya Septemba 1935, athibitishe pia kwamba yangalikuwa hata lau Manazi hawakutawala, au kwamba yeye mnunuzi aliilinda haki ya muuzaji. Na kwa jumla haikumfaa mtu kusema kwamba alikuwa hajui. Wanafunzi wetu wa sheria watalitambua jambo hili upesi. Darasani huitwa ghasbu, na mali ya ghasbu haitakasiki kwa kupita mikono mingi.

Mali nyingi zikarudishwa au zikalipiwa kwa mapatano. Lakini upande wa mashariki, chini ya serikali ya kikomunisti, karibu hakuna kilichorudishwa mpaka baada ya 1990. Wakuu 23 wa IG Farben walihukumiwa; mwaka 1948 watu 13 walionekana na makosa, na adhabu kubwa kabisa ilikuwa miaka minane. Mmoja wao, Fritz ter Meer, alipewa miaka saba. Mwaka 1956 alikuwa mwenyekiti wa baraza la kusimamia kampuni ya Bayer. Ama watu waliofanyishwa kazi kwa nguvu, wengi walingoja hata mwaka 2000, serikali na makampuni ya Ujerumani yalipoweka fungu la marki 10,000,000,000. Hata mwaka 2007 watu zaidi ya 1,600,000 walikuwa wamelipwa. Waliokuwa vijana mwaka 1944 walikuwa vikongwe, na wengi walikuwa makaburini.

TUNALOPASWA KULISHIKA

Sheria ile ya 1947 yafaa kuwekwa moyoni na kila mwenye duka, kwa sababu maswali ambayo hakimu alimuuliza mnunuzi baada ya miaka kumi, mnunuzi mwenyewe angaliweza kujiuliza siku ile ile sokoni. La kwanza: huyu auza kwa nini? La pili: lau angetaka kukataa, angaliweza? La tatu: fedha hii nitoayo yamfikia yeye, au yamfikia aliyemdhulumu? Maswali haya hayahitaji elimu kubwa. Mtoto wa duka ayajua. Lakini ni mazito kwa sababu majibu yake yaweza kutunyima faida.

Katika kila mji huja wakati ambapo kundi fulani la watu huchukiwa. Leo ni hawa, kesho ni wale. Pengine kwa kabila, pengine kwa dini, pengine kwa kuwa wamefanikiwa tu. Shamba lao hushuka bei. Duka lao hutafutwa. Mtu huambiwa: "Nunua sasa, maana usiponunua wewe atanunua mwingine." Neno hili ndilo lililosemwa Hamburg na Berlin, na kila aliyelisema alisema kweli, maana mwingine alikuwako. Walakini kila mmoja alipokuwa mwingine wa mwenziwe, hapakubaki mtu.

Tusingoje basi mpaka dhulma ije na bunduki ndipo tuitambue. Mara nyingi huja na hati iliyotiwa muhuri, na bei nzuri.